Mwongozo kwa Mimea ya Kisesa Inayotaka Kuhamia Ziwani

Ninyi nyote mlioko shambani: Muhogo, Mtama, Pamba, Mahindi, Kiazi, na wewe Mchicha wa nyuma ya jiko unayejifanya husikii.

Imenifikia habari kwamba mmechoka. Mvua za vuli zimekuja kwa mafungu, jua la Kisesa halijui kuomba radhi, mbuzi wa jirani hana adabu, na jembe linawapitia bila hodi. Basi mmekaa kikao usiku, mkatazama upande wa kaskazini, mkakumbuka kwamba Ghuba ya Speke haiko mbali, na kwamba Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 za maji ambayo hayajawahi kukatwa kwa sababu ya kuchelewa kulipa bili. Azimio likapita bila kupingwa: tuhamie ziwani. Nasikia Kiazi ameshauliza nauli ya daladala hadi Igoma, jambo linaloonyesha kuwa safari imepangwa na wasiojua hata njia.

Sina nia ya kuwavunja moyo. Kuhamia majini kunawezekana. Mababu wa mimea yote ya nchi kavu walikuwa mwani wa kijani wa maji baridi, wakapanda bara miaka takribani milioni 470 iliyopita, na baadaye koo kadhaa za mimea yenye maua zikarudi majini, kila ukoo kwa wakati wake. Yungiyungi alirudi. Mafunjo amerudi nusu, miguu majini na kichwa juani. Wengine wamezama kabisa, hawaonekani mpaka nyavu ziwatoe. Ila hao walitumia mamilioni ya miaka kujiandaa, na ninyi mnataka kuondoka Jumamosi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Usomeni kabla hamjaanza kung'oana.

Maji mtayapata, mtakosa kingine

Wazo lenu zima limejengwa juu ya jambo moja: kwamba shida yenu ni maji, na ziwani maji yapo. Ni kweli yapo. Lakini mkifika mtakuta shida mpya ambayo hapa Kisesa hamjawahi hata kuiwaza, maana kitu chenyewe hapa hutolewa bure. Ni hewa. Lita moja ya hewa ya Kisesa ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa, tena siku ambayo upepo umeyachanganya vizuri, ina kama miligramu 7. Na hizo 7 zina uvivu wa ajabu: gesi husambaa ndani ya maji takribani mara 10,000 polepole kuliko hewani, hivyo mzizi ukishanyonya oksijeni iliyo jirani yake, hakuna nyingine inayofika kwa wakati kuziba pengo.

Muhogo hayajui haya kwa sababu amelelewa kwenye luseni, udongo wa kichanga wenye nafasi tele, na mizizi yake imekuwa ikipumua miaka yote bila kumwomba mtu. Mpelekeni kwenye matope ya ufukweni muone. Haichukui muda mihogo inaanza kuoza, na ninyi mtakuwa mkisema juzi tu alikuwa mzima. Mahindi naye, mvua ikituama shambani siku chache huwa anageuka njano kuanzia majani ya chini. La kuchekesha zaidi, kama msiba wa mwenzako unachekesha, ni kwamba mmea uliofurikwa na maji hunyauka kwa kiu. Seli za mizizi zikikosa oksijeni hukosa nguvu, na vilango vya kupitishia maji kwenye kuta zake hujifunga. Maji yamefika kiunoni, majani yamelegea. Mpita njia anadhani ni ukame.

Kabla ya kukata roho, mizizi hujaribu njia ya dharura ya kuvunja sukari bila oksijeni. Njia hiyo inafanya kazi, ila kwa hasara. Molekuli moja ya sukari, ambayo kwa pumzi ya kawaida huzalisha molekuli 30 hivi za ATP, yaani nishati ya matumizi ya kila siku ya seli, sasa huzalisha 2 tu. Na kinachobaki ni alkoholi, ileile iliyomo kwenye gongo. Kwa hiyo mmea unaozama hufa fukara na mlevi kwa wakati mmoja.

Somo refu kuliko yote: pumzi

Wengi wa walioweza kuishi majini wameacha kuitegemea hewa iliyomo majini. Wana hewa yao wenyewe, na wana mabomba ya kuipitishia mwilini kutoka majani hadi ncha za mizizi. Wataalamu huita tishu hiyo erenkima. Sisi tuseme ni mwili uliojaa matundu kwa makusudi.

Anzeni na Mpunga, maana huyo ni ndugu yenu na majaruba yake mnayaona mabondeni kila msimu wa mvua. Mng'oe mmoja kwenye jaruba (ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, mpunga una wenyewe), msuuze, mtazame mizizi. Tope alimokuwa ni la kijivu, pengine jeusi, na linanuka yai viza, kwa kuwa vijidudu vya humo vimemaliza oksijeni zamani na sasa vinatoa gesi yenye salfa. Lakini mizizi yenyewe imevaa rangi ya kutu. Ni kutu kweli. Oksijeni iliyoshuka kutoka kwenye majani, kupitia matundu ya shina na mizizi, huvuja karibu na ncha ya mzizi, ikakutana na chuma kilichoyeyuka topeni, chuma kikashika kutu papo hapo. Mzizi umejizungushia eneo dogo lenye hewa katikati ya tope lisilo nayo, na sumu za tope zinapunguzwa makali kabla hazijaingia. Hapo juu, kwenye sehemu ya mzizi iliyokomaa, ukuta umezibwa ili oksijeni isipotee njiani. Mkikata mzizi huo kwa wembe, ndani mtakuta matundu.

Jani lake nalo lina ujanja. Lizamisheni kwenye ndoo ya maji safi: litageuka rangi ya fedha. Hiyo ni tabaka jembamba la hewa iliyonaswa juu ya ngozi ya jani isiyolowa, na kupitia tabaka hilo jani lililozama huendelea kubadilishana gesi na maji kwa siku kadhaa. Jaribuni hivyo kwa jani la kiazi. Mtaona limelowa tu.

Sasa Yungiyungi. Huyu ameweka majani juu ya maji, shina lake nene liko chini topeni, na katikati kuna vikonyo virefu vilivyolala ndani ya maji. Ninyi mmezoea kuweka stomata, yale matundu ya kupumulia, kwa wingi upande wa chini wa jani, kwenye kivuli. Yeye ameyaweka upande wa juu, kwa sababu upande wa chini umeketi majini. Kata kikonyo chake na utakuta njia za hewa zinazoonekana wazi. Zamisha mwisho mmoja kwenye beseni, puliza mwingine, mapovu yatatoka. Watoto wa mwaloni wanaujua mchezo huo kabla ya kujua kusoma.

Hata hivyo mabomba peke yake hayatoshi kwa mwenye vikonyo virefu. Lazima upepo upite humo. Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alichapisha alichokipima kwa yungiyungi wa manjano wa Amerika ya Kaskazini, aina nyingine lakini maisha ni yaleyale. Aligundua kwamba jani changa likipashwa joto na jua, hewa ndani yake hupata shinikizo linalozidi kidogo lile la nje, kwa sababu vinjia vya ngozi yake ni vyembamba mno kuiruhusu irudi ilikotoka. Hewa hiyo husukumwa chini hadi kwenye shina lililozikwa topeni, kisha hupanda kupitia vikonyo vya majani ya zamani ambayo vinjia vyake vimeshapanuka, na kutoka nje ikiwa imebeba hewa chafu ya chini. Kikonyo kimoja kiliweza kupitisha hadi lita 22 kwa siku. Hakuna pampu, hakuna moyo, hakuna LUKU. Ni tofauti ya umri wa majani na jua tu. Pamba, wewe una majani changa na ya zamani pia, lakini yamekaa bila mpango wowote.

Bado hamjachoka? Basi kuna swali gumu zaidi: mmea hujuaje kwamba umezama? Hauna macho. Jibu ni ethilini, gesi ambayo mimea yote huitoa kidogo kidogo, hiyohiyo inayoivisha ndizi zikifungiwa kwenye gunia. Nchi kavu hupeperuka. Majini, kwa ule uvivu wa gesi niliowaambia, haiwezi kutoka, ikajikusanya ndani ya mwili, na mmea ukapata taarifa: tumezama. Linalofuata hutegemea ukoo. Kuna mpunga wa maji marefu, wa nchi kama Bangladesh, ambao ukipata taarifa hiyo hurefusha shina kwa sentimita 20 na zaidi kwa siku ili ukae juu ya mafuriko. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walizitambua jeni zinazouamuru na kuzibatiza SNORKEL, jina la ule mrija wa kupumulia wa wapiga mbizi. Na kuna mpunga wa Odisha, India, ambao hufanya kinyume kabisa. Wenyewe hutulia. Jeni yake, Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006, huzuia mmea usihangaike kurefuka na kumaliza akiba yake ya sukari. Unakaa kimya chini ya maji kwa wiki mbili hivi, mafuriko yakipungua unaendelea na maisha. Jeni hiyo imehamishiwa kwenye mbegu za kisasa, na wakulima wa India walianza kupewa Swarna-Sub1 mwaka 2009.

Mimi binafsi namheshimu zaidi huyu wa kutulia. Mafuriko ya siku chache hayahitaji ushujaa. Ila yanahitaji uwe na akiba, na ninyi kwa ukame huu sijui mna nini.

Nguo za kuacha nyumbani

Mtama, fimbo yako hiyo iache. Majini hakuna haja ya kusimama kwa nguvu za mbao, maana maji yenyewe humbeba mwenye hewa mwilini. Wakazi wa chini ya ziwa, kama Potamogeton na Ceratophyllum, wana mashina laini yanayofuata wimbi linakokwenda. Mwenye shina gumu huvunjika. Huyo Ceratophyllum amekwenda mbali zaidi: hana mizizi kabisa. Anaelea katikati ya maji na kunyonya chakula kwa mwili mzima.

Koti la nta nalo liacheni. Hapa Kisesa nta juu ya jani huzuia maji yasitoroke. Kule chini hakuna pa kutorokea, na nta nene ingezuia gesi kuingia. Ndiyo maana majani ya mimea iliyozama ni membamba, mengine yana tabaka mbili tatu tu za seli, hayana stomata au yana chache zisizo na kazi, na kemikali ya kijani imewekwa hadi kwenye ngozi ya juu, mahali ambapo ninyi mmeweka ngozi tupu. Majani ya Ceratophyllum yamechanwachanwa kuwa nyuzi, ili kila seli ikae jirani na maji. Jani pana la Kiazi lingekuwa limeraruka siku ya kwanza ya upepo.

Gharama ya mavazi hayo huonekana mwaloni Kayenze asubuhi nyavu zinapovutwa. Zinakuja na fungu la kijani limejisokota kwenye matundu, linang'aa, linateleza, limejaa uhai. Mvuvi analikwanyua na kulitupa mchangani bila kulitazama. Kwa kuwa halina mbao, linalala hapohapo lilipoangukia; kwa kuwa halina nta, linaanza kujikunja kabla mvuvi hajamaliza kukunja nyavu. Dagaa walioanikwa pembeni bado wana unyevu, lenyewe limeshakauka. Mkishazoea majini, hakuna kurudi Kisesa kwa likizo.

Chakula, na habari mbaya kuhusu mwanga

Mahindi na Mtama wana kiburi fulani kwa sababu wanatumia ile njia ya kutengeneza sukari inayoitwa C4, inayobana vizuri kabonidayoksaidi hata ikiwa haba. Nawapa pole. Hydrilla, mmea wa majini unaopatikana katika maziwa ya Afrika Mashariki, naye anaijua. Tena yeye huiwasha kabonidayoksaidi ikipungua majini, na anaifanya ndani ya seli mojamoja, bila zile seli maalumu zilizopangwa kuzunguka mishipa ambazo ninyi hamwezi bila hizo. Wakazi wengine hunyonya kaboni iliyoyeyuka kwa umbo la bikaboneti. Bila ujanja wa namna hiyo, mchana kweupe, jua likiwaka, mmea uliozama unaweza kukaa na njaa kwa kukosa kaboni tu.

Na jua lenyewe haliwaki sana huko chini. Ziwa Victoria si lile la zamani. Katika utafiti wa uvuvi wa mwaka 1927, maji ya katikati ya ziwa yalikuwa maangavu kiasi cha kuona kisahani cheupe kilichoshushwa zaidi ya mita 7. Kufikia miaka ya 1990 kisahani hichohicho kilikuwa kinapotea baada ya mita moja hadi tatu, na ufukweni mapema zaidi. Mbolea za mashambani, maji machafu ya miji na udongo unaokuja na mito kama Simiyu vimelisha mwani mdogo unaoelea, nao umeyafanya maji kuwa ya kijani. Kila chembe ya mwani huo inakunywa mwanga ambao ungewafikia. Hata samaki waitwao furu wameathirika: Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, kwa kazi iliyofanyika hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani, koo zikaanza kuchanganyika. Kama samaki mwenye macho anakosea mchumba, ninyi mtapata wapi mwanga wa kupikia?

Kwa hiyo tafuteni maji mafupi. Ila nayo hayatulii mahali pamoja. Ziwa lilipanda kwa kishindo kati ya 1961 na 1964, likashuka, na Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964. Aliyeota mizizi kwenye kina cha magoti anaweza kuamka na maji yamempita kichwa.

Kama mboji itawapungukia, kuna jirani mmoja, Utricularia, anayeishi kwenye vinamasi na hana subira na udongo maskini. Ana vifuko vidogo vilivyobana, na kijidudu kikigusa unywele wa mlangoni kifuko hufunguka na kukifyonza kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Nawaambia tu mjue. Msimwige, hamna meno.

Habari ya ndoa

Pamba hutembelewa na nyuki, Mahindi anategemea upepo. Chini ya maji hakuna kimojawapo. Wengi wa majini hukwepa kero hiyo kwa kuinua maua juu, kama Yungiyungi, na wengine hawajali kabisa: kipande kikikatika kinaota, basi uzazi umekwisha. Ceratophyllum huachia chavua humohumo majini na kuomba Mungu.

Anayestahili harusi ya kwenda kutazama ni Vallisneria, mwenye majani mithili ya utepe. Maua ya kiume, madogo mno, hukatika kule chini yakiwa bado yamefumba, hupanda juu kama mapovu, hufunguka yakifika, na upepo huyasukuma huku na huko juu ya maji. Ua la kike hupandishwa na kikonyo chembamba kirefu hadi usawa wa maji, hufanya kishimo kidogo kwenye ngozi ya maji, na maua ya kiume yakipita karibu hutumbukia humo. Kazi ikiisha, kikonyo hujisokota na kumrudisha bibi harusi chini akalee mbegu. Mimi nimekwenda kwenye sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora nikaona vikundi vya Wagika na Wagalu vinavyoshindana kuvuta umati, na bado nasema huyu anajua zaidi kupanga shughuli.

Wapangaji wa juu

Hadi hapa mmeona kuwa kuishi ndani ya maji ni kazi ya kutafuta hewa na mwanga kila saa. Sasa mjue kuna waliokataa kazi hiyo. Hawa hawakuzama. Wamekaa juu ya maji, wanapumua hewa ya kawaida kama ninyi, wanaota jua kabla ya wote, na mizizi inaning'inia ikila virutubisho vya bure.

Mkubwa wao ni gugu maji, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, mwenye ua la zambarau lililowadanganya watu wakalibeba dunia nzima kwa ajili ya urembo. Ziwani alionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera uliendelea kumleta kutoka juu. Kikonyo chake kimevimba. Kipasueni na mtaona sifongo jeupe lililojaa hewa, ndilo linalomwelesha. Katika hali nzuri kundi lake huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Katikati ya miaka ya 1990 lilifunga ghuba na mialo. Nchi za ziwa zikaleta fukusi wa jenasi ya Neochetina, wanaolila gugu hilo, kuanzia Uganda mwaka 1995, na kufikia mwisho wa muongo zulia lilikuwa limepungua sana. Halikuisha. Mbegu zake hukaa matopeni hadi miaka 20 zikisubiri.

Na sasa kuna mgeni mwingine, Salvinia. Mwanzoni mwa 2025 gugu hili lilisongamana kati ya Kigongo na Busisi hadi vivuko vikakwama na abiria wakakaa majini saa nyingi, miezi michache kabla ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Huyu si mmea wa maua. Ni jamii ya kangaga, hana hata mizizi. Kinachoning'inia chini ni majani yaliyogeuzwa kazi. Mgongo wa jani umejaa vinyweleo vinavyonasa hewa, hivyo hata ukimzamisha huibuka mkavu. Aina iliyosumbua dunia zaidi, Salvinia molesta, ina spora tasa. Haijali. Kipande kimoja chenye chipukizi kinatosha kuanza kundi.

Chini ya zulia la namna hiyo, masomo yote niliyowapa hayana faida. Mwanga haufiki, hivyo Potamogeton na Vallisneria hawawezi kutengeneza sukari wala oksijeni. Upepo haugusi maji, hivyo oksijeni mpya haiingii. Majani ya zulia yakifa huzama na kuoza, na kuoza hula ile kidogo iliyobaki. Samaki huhama au hufa. Konokono wanaobeba kichocho hustawi kwenye majani hayo, na hapa naomba niwageukie binadamu mnaochungulia mwongozo usiowahusu: mabuu ya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo majaribio yote ya hapo juu yafanyieni kwenye ndoo, si kwa kuingia ziwani, na aliyekwisha kuingia aende zahanati akapimwe. Kiboko sina haja ya kumweleza.

Basi nimepima maombi yenu mmoja mmoja. Muhogo, hapana. Kiazi, hapana, na nauli ya Igoma uidai. Pamba, Mahindi, Mtama, hapana, ingawa Mtama anaweza kuvumilia tope la mbuga kuliko wenzake. Mchicha, wewe hata mvua ya kawaida inakulaza. Aliyekubaliwa kutoka Kisesa ni Mpunga peke yake, na yeye aishie kwenye jaruba, maji ya vifundo vya miguu.

Waliobaki na safari ni binadamu, ambao hurudi kutoka mwaloni na vitu vyenye unyevu. Wewe mwenye bwawa la samaki hapa Kisesa, au mwenye tangi la kuvunia mvua nyuma ya nyumba: ukiliona kule mwaloni lile ua la zambarau, au vile vijani vidogo vyenye manyoya visivyolowa, viache hukohuko, hata kama umeambiwa ni chakula cha bata. Nyavu na mitumbwi mnayohamisha kutoka mwalo mmoja kwenda mwingine isafisheni, ianikeni mpaka ikauke kabisa, ndipo iguse maji mapya.